Jino Dogo Kuliko Punje ya Mchele

Mwalimu mmoja asiyeona alimpelekea dada yake, fundi wa meno bandia, mashine yake ya kuandikia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Ilikuwa imegoma kusogea. Dada mtu akaifungua, akakuta kijino kimoja cha chuma kimekatika. Chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

“Vipuri vyake havitengenezwi tena,” mwalimu alisema. “Na wanafunzi wangu wana mtihani Jumatatu.”

“Leo Alhamisi. Kaa hapo, mdogo wangu.”

Kazini alikuwa na printa inayotumia utomvu mzito. Utomvu ule ukimulikwa mwanga wa zambarau hugeuka plastiki ngumu, tabaka nyembamba juu ya nyingine, mpaka kitu kizima kinatokea. Humo ndimo alimotengenezea watu meno. Akakipima kile kipande, akakichora kwenye kompyuta, akawasha.

Kijino cha kwanza kilinasia kwenye trei ya utomvu. Cha pili kilitoka kizima. Akakiosha kwa spiriti, akakirudisha kwenye mwanga kikakomaa, akakifunga mahali pake. Kikasukuma mara tatu, kikavunjika. Ijumaa nayo ikapita vivyo hivyo. Kufikia jioni alikuwa ameharibu vijino kumi na kimoja, na mwenzake wa kazini akamshauri aachane navyo kabla hajajiharibu macho.

“Nitaacha kikikubali,” alimjibu.

Jumamosi asubuhi mwalimu aliomba ashike kimoja. Akakipitisha kwenye ncha ya kidole, polepole, kama anayesoma.

“Dada, kina ngazi.”

“Ngazi gani? Nimekitazama kwa lenzi, ni laini.”

“Wewe umetazama, mimi nimegusa. Zinakikata hapa shingoni.”

Dada alivipanga vile vilivyovunjika. Kweli, vyote vilikatikia shingoni, pale tabaka zilipopita kwa upana. Kwenye kompyuta akakilaza kijino ubavu, ili tabaka zifuate urefu wake, akawasha upya.

Cha kumi na mbili kilishika. Mwalimu akabonyeza, mashine ikasogea, kengele ya mwisho wa mstari ikalia. Akaandika mstari wa pili, wa tatu. Dada alihesabu mistari arobaini, akiwa amesimama wima, ndipo akathubutu kuvuta kiti.

“Umeandika nini muda wote huo?”

“Maswali ya hesabu. Watanichukia. Nitengenezee vingine viwili vya akiba, dada.”

Dada tayari alikuwa ameinuka kuijaza trei.