Usingizi wa Mzee Okiria

Kila siku saa sita mchana Petronilla humaliza kupiga deki kanisani kwao Malaba, humwaga maji machafu nyuma ya choo, huanika kitambaa kwenye senyenge, kisha hujilaza kwenye benchi la tatu upande wa akina mama. Mungu huja na kuketi miguuni pake. Benchi hushuka kidogo upande huo, misumari hulia, naye Petronilla hukunja miguu kumpa nafasi.

Ilianza mwaka jana mwezi wa Juni, wiki mbili baada ya Robinson kufungwa. Robinson, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa Mzee Okiria, mfanyabiashara wa mahindi ambaye pia ni mzee wa kanisa hilohilo. Askari wa mpakani walipofunua magunia ya lori lake, walikuta chini yake mapipa ya spiriti ya magendo. Kortini Okiria alishika Biblia akaapa kwamba hayajui mapipa hayo, kwamba kijana alikuwa na biashara zake. Robinson akapewa miaka mitano. Jumapili iliyofuata Okiria ndiye aliyesoma somo la kwanza.

Kwa hiyo Petronilla hakulala kwenye benchi lile kutafuta amani. Alienda, siku ya Jumatano, kushtaki. Aliyatazama mabati akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani, "Muue. Kama hutaki kumuua, mvunje mgongo."

Hapo ndipo benchi liliposhuka. Joto lilimpanda kutoka nyayoni, na Petronilla, ambaye hakuwa amefumba jicho tangu siku ya hukumu, akalala fofofo mpaka saa nane.

Aliota amevaa viatu vya kiume vilivyong'arishwa. Alikuwa amesimama katika ghala asilolijua, akiangalia mapipa yakipakiwa na magunia yakipangwa juu yake, na akajisikia akisema kwa sauti nzito, "Dereva asijue. Akijua atakataa." Alipoamka alijua sauti ile ni ya nani, na usingizi ule ni wa nani.

Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi, Okiria alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya. "Wapendwa, mniombee. Tangu Jumatano sijapata hata lepe la usingizi." Kanisa zima likamwombea. Petronilla alifumba macho pamoja na wengine ila hakusema amina.

Kesho yake alienda kituo cha polisi kuandikisha ndoto. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika yote kitabuni, akampa namba. Kisha akauliza, "Mama, hii ndoto ni yako ama ni ya Okiria?"

"Ni yake. Mimi nililala tu usingizi wake."

"Basi yeye ndiye mwenye kuja kuapa. Mwambie akuje."

Okiria hakwenda. Petronilla akaacha kufanya usafi mara moja kwa wiki, akawa anafanya kila siku. Maumivu ya kiuno yaliyomtesa tangu ujana yalimwacha. Mashavu yakajaa. Wanawake sokoni walimuuliza anapaka mafuta gani, akawaambia ukweli: "Nalala usingizi wa mtu." Wakatikisa vichwa, wakaendelea kupima dagaa wa omena.

Okiria alikonda hadi suti zikawa zinamvaa yeye. Alienda Busia kwa daktari akapewa vidonge. Siku alipomeza viwili, Petronilla alilala kuanzia saa sita hadi kumi na moja jioni, na kwaya ikafanya mazoezi yote ikimzunguka. Alipoambiwa sababu alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Robinson afungwe. Akamtumia Okiria salamu kwamba aongeze cha tatu.

Mchungaji Christabel alimwita pembeni. "Mama Robinson, samehe. Mzee ataanguka."

"Mchungaji, si mimi nimemchukulia. Mwenye kunilaza yuko hapo kwa benchi. Muulize yeye."

Mchungaji alilitazama benchi. Upande mmoja ulikuwa bado umeshuka. Hakuuliza.

Mwezi wa Septemba Okiria mwenyewe alikuja, saa saba mchana. Alimkuta Petronilla amelala, akasubiri. Alisubiri akiwa amesimama, kwa sababu nafasi ya miguuni ilikuwa na mtu.

Petronilla alipofungua macho, Okiria alisema, "Mama Robinson, nirudishie."

"Nini?"

"Unajua."

"Sema kwa mdomo wako, mzee. Kortini ulisema vizuri."

"Usingizi wangu."

"Nirudishie Robinson."

Okiria alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nikisema ukweli nitafungwa mimi."

"Eeh."

"Niko na watoto, mama."

"Mimi niko na mmoja."

Okiria akapiga magoti, akaomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kiteso, akielekea pale benchi lilipoinama. Alilia machozi ya kweli. Petronilla aliyaona yakidondoka kwenye sakafu aliyoipiga deki, na yakamfurahisha. Benchi halikusogea. Baada ya nusu saa Okiria alijipangusa magoti akaondoka. Hakwenda polisi.

Mtu huzoea. Kwa kuwa halali, Okiria alianza kupakia malori mchana na usiku. Mwaka ulipoisha alikuwa na ghala la pili, na kanisa likamchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kwa vile ni yeye pekee angeweza kulinda saruji.

Januari Petronilla alienda gerezani kumwona mwanawe. Robinson alikuwa amekauka midomo. Alizungumza nyuma ya wavu.

"Silali, mama. Tuko sitini kwa chumba kimoja. Tunalala upande mmoja kwa zamu, na zamu yangu ikifika, macho yanakataa."

Safari yote ya kurudi Petronilla aliuwaza usingizi wa Okiria. Aliupenda usingizi ule. Kila alipoamka alihisi ametia kitu cha Okiria mdomoni na kukimeza. Hata hivyo siku ya pili alijilaza benchini, na benchi liliposhuka akasema, "Ule wa Okiria mpe Robinson. Mimi basi. Lakini usimrudishie mwenyewe."

Siku hiyo hakulala. Alikaa macho wazi, akisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, mengine ya Okiria. Alidhani Mungu ataondoka, kwa kuwa kazi yake hapo imekwisha. Hakuondoka. Joto lilipanda vilevile kutoka nyayoni. Kifua kilichokuwa kimembana kikalegea, pumzi zikashuka taratibu, na hasira yake ikalala kando yake kama paka wa nyumbani, bila mtu kuifukuza. Alipoinuka saa nane alikuwa amepumzika kuliko siku zote.

Mwezi wa Februari Robinson alikuja kwenye wavu akipiga miayo.

"Mama, nalala. Hata kengele ya asubuhi siisikii, wenzangu wananiamsha kwa mateke."

"Unaota?"

Robinson aliona haya kidogo. "Naota niko kwa nyumba ya Mzee Okiria. Niko kwa kiti yake, kwa meza yake. Kuku, wali, chapati, zote ziko mbele yangu. Yeye simuoni popote."

Petronilla alisogeza uso karibu na wavu.

"Kula, baba," akamwambia. "Kula yote. Usimwachie hata mfupa."

Askari akagonga chuma kuonyesha kwamba muda umekwisha. Robinson akarudi ndani kumalizia miaka minne na miezi minne.