Sekunde Kumi na Moja za Giza

Msichana wa kwenye filamu alishika kitasa cha chumba alimofia mama yake, na skrini nzima ikawa nyeusi. Tanbihi, aliyeketi peke yake katikati ya viti sitini vitupu, alianza kuhesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Alipofika kumi na moja mwanga ulirudi, na msichana alikuwa tayari barabarani na kifurushi chake. Tanbihi alishusha pumzi. Saa nane mchana angesimama mbele ya watahini kutetea tasnifu yake, naye alikuwa amekuja kuliaga giza lake, kama mtu anayepitia kwa wazazi kabla ya safari.

Jina la Tanbihi alipewa na wenzake darasani, maana hakuwahi kusema sentensi mbili bila kutaja nani kaisema kabla yake, na katika ukurasa wa ngapi. Alikuwa amefundisha sekondari miaka tisa kabla ya kuomba likizo isiyo na malipo aje chuo kikuu kusomea nadharia ya filamu, jambo ambalo wifi yake hajamaliza kulicheka. "Sinema si inatazamwa tu, wifi?" humuuliza. "Kuna la kusomea hapo?" Tanbihi humjibu kwa sura ya nne, "Giza kama Kauli", kurasa thelathini na nane kuhusu mwongozaji aliyekataa kuuonyesha msiba. Wifi husinzia ukurasa wa pili. Lakini Profesa, msimamizi wake, alisema ndiyo kazi bora aliyowahi kuisimamia. Yeye mwenyewe amelifundisha giza hilohilo kwa mwaka wa kwanza kwa miaka kumi na tisa.

"Umeona kiungo changu kilivyodumu?"

Alikuwa Bi Mitambo, fundi wa chumba cha maonyesho, aliyebakiza wiki mbili kustaafu. Alishuka ngazi akifuta mikono kwa kitambaa.

"Kiungo gani, mama?"

"Hapo kwenye weusi. Mashine iliitafuna filamu, mwaka wangu wa pili kazini. Nikakata palipoharibika, nikapachika utepe mweusi, urefu uleule. Ukikata ukaunga tu, picha inaruka, watu wanapiga miluzi." Alitabasamu kwa fahari ya fundi. "Hakijafumuka hadi leo!"

Tanbihi alihisi kiti kikimkimbia chini yake. "Kwenye kipande ulichokata kulikuwa na nini?"

"Mwanangu, mimi naangalia mashine, siangalii picha. Kilikuwa kimekunjamana kama ganda la kitunguu, nikakitupa."

"Na nakala nyingine ya filamu?"

"Ipo wapi? Ni hii moja tu iliyobaki."

Alikuwa amenukuu wanazuoni arobaini na mmoja, na hakuwahi kupanda ngazi kumi na mbili kumuuliza anayeiendesha mashine.

Nje alikaa kwenye ukuta mfupi, tasnifu mapajani. Shetani hana haja ya kupiga hodi siku kama hizo. Likizo yake ingekwisha mwisho wa mwezi. Akifelishwa leo, hakuna kurudia. Mtahini wa nje alikuwa amesafirishwa kutoka mbali, na mbele yake Profesa angeumbuka pamoja na mwanafunzi wake. Na nani angejua? Ilikuwa siri ya watu wawili, na mmoja wao hakujua kwamba ni siri.

Alikwenda ofisini kwa Profesa, akamwambia yote akiwa amesimama, asije akaketi akabadili nia. Profesa alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akaanza kucheka, cheko la chini lililomtikisa mabega mpaka machozi yakamtoka.

"Mwaka jana mwanafunzi aliniuliza, mwalimu, umejuaje kwamba ni makusudi? Nikamwambia akasome zaidi." Alivaa miwani. "Siku ile chakula hakikunipita kooni."

"Tufanyeje, Profesa?"

"Mtahiniwa ni wewe. Ukisema, nitasimama nawe. Usiposema, nami nitanyamaza." Aliinamisha kichwa. "Na ninajiogopa, kwa sababu nitanyamaza vizuri sana."

Saa nane, kabla ya swali la kwanza, Tanbihi aliomba ruhusa akayasema yote: mashine, mkasi, utepe mweusi. Mtahini wa nje, mama aliyejulikana kwa kuwatoa watu jasho, aliifunga tasnifu polepole.

"Kwa hiyo katika sekunde hizo kumi na moja kuna nini?"

Tanbihi alitafuta wa kumnukuu. Hakumpata.

"Sijui," alisema.

Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mwalimu yeyote maishani mwake. Lilimtoka kama mguu unavyotoka kwenye kiatu kilichobana tangu asubuhi, na raha yake ilimshangaza hata akalirudia. "Sijui kabisa."

"Kurasa mia na kumi," alisema mtahini, "na kila ukurasa unajua. Nilikuwa nimechoka sana, binti yangu." Akaandika kitu pembezoni, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Walimtoa nje, wakamwita tena baada ya robo saa. Amefaulu, kwa sharti aiandike upya sura ya nne ndani ya miezi mitatu, naye aanze kwa kumhoji fundi kabla hajastaafu. Tanbihi alishukuru mara nne. Kwenye korido aliegemea ukuta akacheka peke yake, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo kichwani, shingo ikiwa bado haijaamini.

Profesa alimfuata. Walitembea hadi kwenye mlango wa nje, akasimama.

"Jumatatu nina mwaka wa kwanza," alisema. "Ndiyo wiki ya filamu ile."

"Najua."

"Watakuwa mia mbili." Alikohoa, akatazama viatu vyake. "Ungeweza kuja? Ukae mbele, mahali ninapoweza kukuona."

"Nitakuja, mwalimu," alisema Tanbihi, akamshikia mlango.