Lango la Suyun

Askari waasi walipovamia kijiji, mimi walinibaka nikabaki hai. Suyun, mke wa shemeji yangu, alifia kisimani. Mfalme akaamuru ajengewe lango la mawe la kumuenzi, kwa kuwa alichagua kufa kuliko kuguswa.

Kila asubuhi mama mkwe hulifuta vumbi lango hilo. Wali nikiupakua mimi, hauli.

"Guizhi, mwenzako alijua kisima kilipo," husema.

Namwonea wivu marehemu mpaka usingizi unakatika.

Leo mama mkwe, kitambaa mkononi, ameniuliza neno la mwisho la Suyun.

Nimemwambia. Aliteleza akitoroka, akaning'inia ukingoni, nami nimeshikiliwa chini na askari.

"Alisema, 'Guizhi, nivute, sitaki kufa.'"