Maji ya Kioo cha Mbele

Siku gari lilipofika mtaa wa Kimemi, majirani walitoka kulipapasa kama wanavyompapasa mtoto mchanga, na kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya rangi yake. Lilikuwa gari la mtumba, usukani kulia, lililotumika Japani hadi wenyewe wakalichoka, kisha likavuka bahari na mipaka kuja kuanza maisha upya katika matope ya Butembo. Kahongya, mwenye gari, alilizunguka akitabasamu mpaka mashavu yakamwuma. Mama yake, Kavira, hakutabasamu. Alikuwa anaiwaza barabara ya Beni.

Alikuwa na sababu. Mumewe, marehemu Syauswa, aliondoka asubuhi moja kwenda Beni juu ya lori la maharagwe, akarudishwa amefunikwa blanketi. Tangu hapo Kavira aliichukia ile barabara, wala hakuificha chuki yake. Sasa mwanawe wa pekee angeipita kila siku, akipeleka abiria Beni na kuwarudisha wengine. Alichokitaka Kavira duniani kilikuwa kimoja tu: jioni ikifika, amwone Kahongya akirudi mzima. Mengine yote yalikuwa nyongeza.

Kwake yeye, Mkatoliki wa kuamka na kengele, dawa ilijulikana. Gari jipya hupelekwa parokiani, padri hulinyunyizia maji ya baraka, mbele na nyuma, na mwenye gari hurudi nyumbani moyo umetulia. Lakini Kahongya alikuwa amemwoa Jokébed, na Jokébed ni Mprotestanti wa kwaya na wa kikundi cha maombi, mwanamke asiyeyumba. Neno la maji ya baraka lilipotajwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Mama, pasta alishaombea ile gari. Mungu haiko kiziwi, hatutamuambia mara mbili. Na ile mambo ya kunyunyiza mayi, ya kutundika ba-médailles, ile ni sanamu tu."

Kahongya aliuangalia ugali wake. Mwanaume mwenye mama na mke kwenye meza moja hujifunza mapema kuuangalia ugali.

Kavira akanyamaza, lakini kunyamaza si kukubali. Siku chache baadaye Kahongya alifungua boneti na, kwa kuwa alikuwa na furaha ya kuonyesha kila kitu, akamwonyesha mama yake kifuniko kidogo chenye picha ya matone.

"Huku njo tunatia mayi ya kuosha kioo, mama. Ukifinya pale ndani, inaruka yenyewe mbele ya macho."

Kavira akaelewa papo hapo. Kumbe gari lenyewe lina mdomo wa kunywea! Padri hunyunyiza mara moja, akaenda zake kula. Hili lingenyunyiza kila siku, kule kule barabarani, mbele ya uso wa mwanawe. Alingoja Jokébed aende sokoni, akatoa kibidoni chake cha maji ya baraka ya Pasaka chini ya kitanda, akamimina yote isipokuwa kidogo. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu, akaivua shingoni medali ya Bikira Maria aliyoivaa tangu kipaimara chake, pamoja na uzi wake wa sufu, akaitumbukiza. Ikasema tubwi. Kavira akafunga kifuniko na kurudi kuchambua maharagwe, ametulia kuliko alivyowahi kutulia tangu afiwe.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha mvua zikaanza, na gari likaanza kuugua maradhi mawili kwa pamoja. La kwanza, sakafu ya upande wa abiria ililowa. Ukikanyaga zulia, maji yalitoka katikati ya vidole, na harufu yake ilikuwa ya mbwa aliyenyeshewa. Abiria walikaa wameinua miguu kama kuku. La pili, maji ya kioo yaligoma. Kahongya akibonyeza, pampu ilinguruma vuuu, lakini juu ya kioo hapakuja hata tone.

Alilipeleka kwa Jéthro, fundi wa garaji ya jirani, mtu mwenye bidii na wepesi wa kutoa hukumu. Jéthro aliweka silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele mpaka gari likaonekana limenyolewa vibaya. Akachokoa vitundu vya kurushia maji kwa sindano. Akasikiliza pampu, akasema pampu inayoimba haina ugonjwa. Mvua iliyofuata, sakafu ililowa vilevile, na kioo kikabaki kikavu. Jéthro akasema basi gari liachwe kwake wiki nzima alifungue lote. Kahongya hakuwa na wiki ya kutoa. Gari lisipokwenda Beni, nyumbani hakuna mboga.

Siku ya Ijumaa Kahongya alirudi akiwa na uso wa majivu. Alikaa mezani, hakugusa chakula.

"Ni nini?" Jokébed akauliza.

"Ku Kabasha, njia ya Beni, pale barabara inajikunja. Camion ilipita, ikanirushia matope kwa kioo chote. Nikafinya mayi, hapana kitu. Essuie-glace, ile ya kufuta kioo, ikapakaa ile matope, sikuona tena kitu. Nikasikia ma-clients nyuma banalia. Nilipofungua dirisha na kutoa kichwa, nikaona mutaro iko chini ya mupira ya gari. Kabisa chini yake, mama. Ingekuwa kidogo tu..."

Jokébed alimshika begani akaanza kulia taratibu.

Kavira hakulia. Alijua kuliko wote mezani ni nini kilikuwa ndani ya lile tangi, na hakuwa mjinga. Medali na uzi wake vilikuwa mle, na maji hayakutoka. Alimwona Syauswa na blanketi lake. Safari hii aliyeshika ncha ya blanketi alikuwa yeye mwenyewe.

Usiku ule alijigeuza kitandani. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda kuungama. Lakini padri angemsamehe tu, na padri hafungui pampu. Wazo la pili lilikuwa kuitoa medali kimyakimya, lakini mkono wake haungepita kwenye ule mdomo. La tatu lilikuwa la kusema. Hilo lilimuumiza kuliko yote, maana angelisema mbele ya Jokébed, ndani ya nyumba ambako yeye alikuwa mama na mwenzake mkwe, na baada ya hapo nani angemsikiliza tena? Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kifo hiki kisingemwumbua yeye. Kingemchukua Kahongya.

Asubuhi alimkuta mwanawe uani ameegemea gari na bisibisi mkononi, hajui aanzie wapi. Jokébed alikuwa anaanika nguo.

"Kahongya," Kavira akasema. "Ile mayi ya kioo, ni mimi. Nilitia mayi ya baraka. Na médaille yangu. Iko mule ndani na kamba yake."

Jokébed aliacha kuanika. Kahongya alimtazama mama yake shingoni, mahali ambapo medali ilikuwa siku zote, akaona ngozi tupu. Alilaza turubai, akajilaza chini, akafungua kinga ya tairi la mbele, akalegeza tangi, akalivuta. Akachomoa pampu ubavuni mwake. Uzi wa sufu ulikuwa umevutwa ukajaa kwenye tundu la pampu kama kizibo. Akaligeuza tangi, akalitikisa mpaka medali ikaanguka mkononi mwake, imevaa utelezi wa kijani.

"Unaona?" Jokébed akasema kwa hasira. "Unaona, mama? Nilisema. Ile sanamu ilitaka kuniulia bwana!"

Maneno yalimchoma Kavira, na yalimchoma zaidi kwa sababu hakuwa na pa kuyakatalia. Alisimama tu, mikono ndani ya kanga. Alitamani kuwa mbali, hata Kasugho msituni, mahali asipojulikana.

Kahongya alisuuza tangi, akasafisha pampu, akarudisha kila kitu mahali pake, akajaza maji ya bomba. Akabonyeza. Maji yakaruka pande zote mbili za kioo. Angalau hilo lilikuwa limepona.

"Na mayi ya chini je?" akauliza, akimgeukia mama yake. "Pale ulitia nini tena?"

"Hapana kitu. Naapa kwa Mungu, kwa Nyamuhanga."

"Iache ile," Jokébed akadakia haraka. "Jéthro ataona Jumatatu. Kuja kwanza ukule."

Kavira alikuwa mama mkwe wa muda mrefu vya kutosha kujua sauti ya mkwe wake inapobadilika. Akamtazama. Jokébed alikuwa ameshika vibanio vya nguo, anavibonyeza na kuviachia bila kubana chochote.

Kahongya hakwenda kula. Alichukua jagi, akamimina maji taratibu chini ya kioo cha mbele, pale kwenye plastiki nyeusi ambako vifuta-kioo hulala. Maji yale yangepaswa kupita kwenye tundu la pembeni na kumwagika chini, nyuma ya tairi. Hayakumwagika. Yalituama, yakapanda, kisha ndani ya gari ikasikika to, to, to, juu ya zulia. Kumbe mvua haikupita kwenye kioo hata kidogo, na silikoni yote ya Jéthro ilikuwa pambo. Kahongya akang'oa plastiki. Chini yake palikuwa na majani ya mkaratusi, udongo mwekundu, na ndani ya tundu lenyewe, kitambaa kimejikunja na kukaza. Akakivuta. Kilitoka kirefu, kinadondosha tope.

Kilikuwa leso nyeupe yenye pindo la buluu. Hakuna mtu nyumbani asiyeujua ule ushonaji. Jokébed alishona pindo kama hilo kwenye vitambaa vyote vya viti.

Jokébed akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tuliombea ile mushwara mu kikundi," akasema, macho chini. "Tukaipakaa mafuta. Mu Matendo ya Mitume, mishwara ya Paulo iliponya batu. Nikaificha pale, juu sikutaka Kahongya acheke. Sikujua kama kuko tundu."

Kavira, tusidanganyane, kwanza alifurahi. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na pamoja nayo maneno makali yaliyopangwa tayari: nyani haoni kundule, na sanamu iko wapi sasa, na mafuta yenu yamenukisha gari. Yalikuwa ulimini. Kisha akamwona mkwe wake bado anavibonyeza vile vibanio bila kubana chochote. Akakumbuka jioni zote ambazo yeye husimama mlangoni akijifanya anachambua maharagwe, na Jokébed hufagia ua uliokwisha kufagiwa. Kumbe walikuwa wanangoja kitu kimoja, kila mmoja na pembe yake. Furaha ikamtoka, akaona aibu, akayameza maneno.

Kahongya alikaa juu ya tairi la akiba, medali mkono huu, leso mkono huu.

"Mama ananifunga macho," akasema polepole. "Bibi yangu ananizamisha miguu. Na bote babili munataka nirudie muzima." Hakuwa anacheka. "Juu ya nini hamukuniambia? Mungeniambia mimi, ningepiga magoti mbele yenu bote."

Akainuka, akaifuta medali kwenye shati, akamvisha mama yake kwa kipande cha uzi alichokikata kwenye kamba ya nguo.

"Vaa, mama. Wewe njo unaogopa. Mimi niko naendesha."

Jokébed aliingia ndani. Kavira alidhani ameenda kununa. Akarudi ameshika kile kibidoni cha chini ya kitanda, na kitambaa safi cha kuchujia chai.

"Mama, haya ya kubakia, tutie?"

Kavira alikipokea kibidoni. "Sanamu, mukwe wangu?"

"Mayi ni mayi," Jokébed akasema. "Lakini tuichuje kwanza."

Wakachuja, mmoja ameshika kitambaa, mwingine anamimina. Kisha Kavira akaiokota leso, akaifua kwa sabuni hadi pindo la buluu likaonekana tena, akaikamua, na kwa leso hiyohiyo akakifuta kioo cha mbele, kutoka juu hadi chini, kona kwa kona. Jokébed akamwinulia vifuta-kioo. Jumatatu alfajiri, kabla Kahongya hajawasha injini, wanawake wawili walisimama kando ya gari na kuomba kwa sauti. Mmoja alipiga ishara ya msalaba, mwingine aliinua mikono, na wote wawili walimwita Mungu kwa jina moja, Nyamuhanga. Kahongya aliinamisha kichwa juu ya usukani mpaka wakamaliza.

"Wasingya," akawashukuru, akaenda.

Alasiri mvua ilipiga milima yote upande wa Kabasha. Kavira alitoka mlangoni bila maharagwe. Jokébed alikuja akasimama karibu naye bila ufagio. Magari yalipita, mekundu kwa tope, hata usijue lipi ni la nani, na kila moja liliwakaza moyo na kuwalegeza.

Kisha moja likakata kona. Lilikuwa tope tupu, paa, milango, taa, isipokuwa kwenye kioo cha mbele, ambako palikuwa pamefutwa safi.

"Njo yeye?" Jokébed akauliza, akimshika mkono.

Kavira hakuhitaji kukisia. Alikuwa anauona uso wa mwanawe.