Siku Mwalimu Kagetsu Aliponyamaza

Kyoto nzima hakuna mwigizaji aliyejua kufa kwenye sinema kama Onozuka Sadaji. Niulizeni mimi, nimewaona wote. Haya, nimewaona wawili, na huyo wa pili nilisinzia kabla hajafa.

Sadaji alianza kazi hajaota ndevu, akavishwa kimono na wigi aigize wanawake, maana enzi hizo wanaume ndio waliokuwa wake zetu kwenye picha. Alilia, akajinyonga, akajitupa mitoni, mpaka akachoka kuwa mjane. Akaomba aongoze picha yake mwenyewe, na mke humo awe mwanamke kweli.

"Watu wakilia, utaongoza nyingine," alisema Bwana Hirosaki, mwenye kampuni. "Wakicheka, wigi lako lipo kabatini, bibie."

Mke aliigizwa na Itoyo, msichana mwenye ulimi mkali. Mume kafa vitani, naye mke anakunja kimono cha marehemu polepole, anakuta mshono umefumuka, anaushona. Basi. Hapo ndipo Sadaji alipoweka roho yake yote.

Tatizo lilikuwa Mwalimu Kagetsu. Picha zilikuwa bubu, lakini ukumbi haukuwa bubu hata siku moja: kando ya pazia la picha alisimama yeye, msimulizi, akisema maneno ya kila mtu, na watu walimfuata yeye kuliko hiyo picha.

"Mwalimu, nakuomba," Sadaji alimwambia, kichwa karibu kiguse mkeka. "Pale kwenye kukunja nguo, nyamaza."

"Ninyamaze? Watu watadhani nimekufa mimi! Pale nitasema anapekua hela za marehemu. Watavunjika mbavu!"

Picha ikifunguliwa, ni desturi msimulizi apelekewe zawadi. Sadaji akapeleka boksi la mochi, zile keki za mchele zinazonata kama ulimbo. Tena kubwa kubwa. Alijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba Kagetsu hutafuna gizani wapiga muziki wanaposhika zamu.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Muziki ukakoma, Itoyo akatokea kwenye pazia, akaanza kukunja. Sadaji, nyuma kabisa, akafumba macho akingoja kicheko.

Kimya.

Akafungua jicho moja. Kagetsu kainua upepeo wake juu, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, neno halitoki. Pale kwenye pazia sindano ikapenya kitambaa. Mama mmoja akavuta kamasi, na jirani yake, na mara ukumbi mzima ukawa msiba. Hirosaki mwenyewe alijifuta kwa mkono wa kimono.

Taa zilipowaka watu waliruka juu wakiliita jina la Sadaji.

"Ongoza nyingine!" Hirosaki alipaza sauti. "Ongoza kumi! Na hilo wigi lichomwe moto!"

Kagetsu akajipenyeza katikati, upepeo umemziba mdomo.

"Mnamthifu yeye tu? Ni mimi niliyenyamatha, kwa makuthudi! Ile ni thanaa. Nimeipanga wiki nthima."

"Hongera, Mwalimu," alisema Itoyo, akitokea kwenye meza ya msimulizi na kitu kiganjani. "Ila sanaa yako mbona umeisahau kule?"

Ilikuwa mochi, imeumwa nusu. Na meno ya bandia ya Mwalimu, yote ya juu, yalikuwa bado yameing'ang'ania.