Geti Lililokwenda Tukuyu

Jumapili iliyopita, baada ya ugali na maharage, nilijilaza kitandani na buti miguuni, na hapo ndipo nilipoiota ndoto hii. Naieleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Kwanza jambo la kweli. Naitwa Ambilikile, ni kuruta, huu ni mwezi wangu wa nne mafunzoni. Mchumba wangu, Subilaga, yuko kwao Tukuyu. Wiki tatu zilizopita aliniandikia kwamba amepata nafasi chuo cha uuguzi, Mtwara, miaka mitatu, na anatakiwa kuripoti mwisho wa mwezi. "Nikienda, utakaporudi hutanikuta," aliandika. "Niambie neno moja tu, nijue la kufanya." Kila jioni nilishika kalamu, na kila jioni neno lililokuja lilikuwa "usiende". Nikaona aibu kuliandika. Kuandika jingine nikaona uchungu. Basi sikuandika chochote.

Ndotoni niko uwanja wa paredi, peke yangu. Buti la kushoto linasema, "Twende Tukuyu."

"Hatuna ruhusa," linajibu la kulia.

"Ruhusa inaombwa getini," linasema la kushoto. Na kwa kuwa kwata huanza na mguu wa kushoto, tukaondoka.

Geti la kambi ni la chuma, rangi ya kijani. Linanitazama.

"Kuruta, wapi?"

"Tukuyu, afande geti."

"Amri inasemaje?"

"Kuruta asitoke nje ya geti, afande."

"Imesema geti lisitoke?"

"Haikusema, afande."

"Nina miaka kumi na tisa hapa," linasema. "Watu nimewafungulia wameenda makwao. Mimi hata pale bondeni sijafika. Ning'oe, unibebe mbele yako. Maadamu mimi niko mbele, wewe uko ndani."

Nikaling'oa. Lilikuwa zito kama magunia mawili ya mahindi. Nikalikumbatia kifuani nikaanza kutembea, na kwa kila hatua kambi ikawa inarefuka nyuma yangu.

Hatua ya arobaini nakutana na Koplo Sengasu, mkufunzi wetu, mtu anayemjua kuruta aliyelala hata kama amefumbua macho.

"Kuruta! Uko ndani ya kambi au nje?"

"Ndani, afande! Geti liko mbele!"

Analizunguka, analikagua, anapitisha kidole kwenye bawaba kutafuta vumbi. "Sawa," anasema. "Lakini goti juu!"

Nikainua goti. Nilipolishusha, vumbi la uwanja lilikuwa tope, mvua ya Tukuyu inanyesha, na yale mawe meupe ya kando ya paredi yamekuwa mashina ya chai.

Njiani anakuja mama yake Subilaga, kikapu cha maparachichi kichwani.

"Simama! Nani?" geti likafoka.

"Mimi mama Subilaga. Naenda sokoni."

"Pita."

Nikalifungua, akapita. Akanitazama juu mpaka chini, akisubiri shikamoo. Nataka kuitoa, mdomo haufunguki. Kambini tumefundishwa kwamba kuruta hasemi na mkubwa mpaka asemeshwe, na mdomo wangu umeshika mafunzo kuliko mimi mwenyewe.

"Jeshi limemfundisha kiburi," mama akaliambia geti. "Hata shikamoo?"

"Si kiburi, mama, ni amri. Msemeshe wewe kwanza."

"Hujambo, baba?"

"Ndiyo, afande!"

Mama akacheka mpaka parachichi moja likaanguka. Nikajaribu tena shikamoo, ikatoka "hapana, afande". Hapo nikatambua kwamba nimekuja safari yote hii na majibu mawili tu.

Kicheko kikamwisha. "Yuko nyumbani," akasema. "Siku ya tatu hii chakula anakigusagusa tu. Ulimnyamazia, baba. Afadhali ungemkataza, akajua moja."

Nikalikumbatia geti, nikaendelea na safari.

Geti halikuenea mlangoni kwa akina Subilaga. Nikalisimamisha uani, mbele ya kizingiti. Yeye yuko upande wake, mimi upande wangu, nondo katikati. Ameketi kwenye kigoda, sanduku la nguo liko wazi miguuni pake.

"Ndiye huyu?" sanduku likauliza. "Wiki tatu nafungwa asubuhi, nafunguliwa jioni. Zipu inaniuma."

"Nyamaza wewe," Subilaga akaliambia. Kisha akanigeukia. "Ambi, barua yangu uliipata?"

"Ndiyo, afande."

"Ukaisoma?"

"Ndiyo, afande."

"Ulikasirika?"

Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa, kwamba usiku nahesabu miaka mitatu na usingizi unakatika. "Hapana, afande."

Akainuka, akaja akashika nondo. Nywele zake zina matone ya mvua.

"Unataka nisiende?"

Mvua imesimama hewani, haishuki. "Ndiyo" iko pale pale ulimini, imekaa kwenye kalamu yangu wiki tatu, haihitaji hata kusukumwa. Nikatazama nyuma yake. Juu ya kiti kuna gauni jeupe la uuguzi, ameshalishona, kazi ya mkono wake. Amebakiza pindo tu, bado lina pini.

"Hapana, afande!" nikasema, kwa sauti ya paredi, mpaka kuku wakatawanyika.

Subilaga akakunja uso. "Hapana nisiende, au hapana, hutaki nisiende?"

"Umemuuliza anataka usiende," sanduku likasema. "Amekataa. Kwa hiyo unakwenda. Nifunge."

"Kisheria ndivyo," geti likaunga mkono.

Akabaki ameshika nondo, ananitazama tu. "Miaka mitatu ni mingi, Ambi."

"Ndiyo, afande."

"Utaniandikia? Hata ukiwa na hasira? Hata ukiogopa?"

"Ndiyo, afande!"

"Utaninyamazia tena?"

"Hapana, afande."

"Na utaningoja?"

"Ndiyo, afande." Hiyo ilitoka taratibu, haikuwa ya paredi.

Nami nilikuwa na swali langu, hilo hilo moja. Lakini kuruta haulizi. Nikasimama mguu sawa, machozi yanateremka, maana kuhusu machozi hakuna amri yoyote.

Subilaga akarudi hatua moja. Akaunganisha visigino, kandambili kwa kandambili, akanyoosha mikono ubavuni, akainua kidevu.

"Ndiyo, afande," akasema.

Sikuwa nimeuliza kitu.

Mara filimbi ikalia. "Paredi ya saa kumi!" geti likapiga kelele. "Nirudishe, kuruta, tutafungwa wote wawili!" Nikalikumbatia nikakimbia, mashina ya chai yanageuka mawe meupe moja baada ya jingine, nikalipachika kwenye bawaba kwa haraka, macho yamejaa jasho, bila kuangalia ndani ni upande gani.

Nikaamka. Filimbi ilikuwa ya kweli, wenzangu tayari wanatoka mbio.

Baada ya paredi nilimwomba Koplo Sengasu karatasi. Nikaketi kwenye ngazi za bweni, nikaandika bila kufuta: "Subilaga, nenda Mtwara. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nitakuandikia kila Jumapili na nitakungoja." Nikafunga bahasha kabla mkono haujabadili nia, nikaipeleka getini, ambako barua zetu hukusanywa.

Nilikuta lori la kuni limesimama nje, dereva anapiga honi. Askari wa zamu alikuwa analivuta geti kwa mikono miwili, halitaki. Akalitikisa, akalivuta tena, akachoka. Akaliegemea ili afute jasho, geti likafunguka kuelekea nje, nusura aanguke.

Akasimama akilitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Kuruta, hili geti si hufunguka kuelekea ndani?"

"Ndiyo, afande," nikasema, nikamkabidhi barua.