Chakula Ambacho Mkwe Hakuonyeshwa

Fidélie alikuwa amechoshwa na adabu. Miezi minne sasa, tangu binti yake Jeanine aolewe, nyumba nzima pale Kabuta ilikuwa ikila unga wa mahindi wa gunia, uliosagwa Kitwe na kushinda siku mbili juu ya lori, huku mihogo yake mwenyewe ikiozea ardhini hatua chache kutoka jikoni. Na yote hayo aliyaleta wifi yake, Jessy.

Huku Nchelenge, kabla ya ndoa, upande wa bibi arusi humpikia mkwe vyakula vyote vinavyoliwa kwao na kumfunulia chungu kimoja kimoja. Wanaita kumwonyesha moto. Asichoonyeshwa siku hiyo, hakigusi ukweni. Fidélie, mzaliwa wa Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani, hakuijua vizuri desturi hiyo, basi akamwachia Jessy. Na Jessy, kwa kupenda makuu, akafunua wali, nyama ya kopo, kuku wa barafu na ugali mweupe wa mahindi. Muhogo aliuonea aibu. Hata samaki wa ziwani aliwaonea aibu.

Ikawa mkwe wao, Given, aliyekuja kila siku kuwalimia kama ilivyo ada, hawezi kula chakula cha shamba analolilima, na kwa adabu nyumba nzima ikala alichoruhusiwa yeye.

Na unga wa gunia haudondoki kutoka mbinguni. Ili aupate, Sampa, mume wa Fidélie, alikuwa akikata miti ya kijitoni na kuchoma makaa. Lori lililoshusha unga ndilo lililopakia makaa. Kijito hicho ndicho Fidélie alicholowekea mihogo. Miti sita ilikuwa imekwenda, na maji yaliyokuwa yakimfika magotini yamekuwa tope la kuchafulia vidole. Ulibaki mti mmoja tu, juu ya chemchemi yenyewe. Asubuhi hiyo gunia liliisha, na Sampa akatoka na shoka pamoja na Given.

Fidélie alikwenda kwa Jessy mbiombio.

"Dada Jessy, turudilie. Tumuonyeshe mutoto bukari ya muhogo, ikwishe."

"Haiwezekane, mama Jeanine. Batu batasema tulimudanganya. Batatucheka."

"Na mayi ikikauka?"

"Mvula itakuja. Weye unataka kutuletea haya juu ya tope?"

Fidélie aliondoka. Kumjibu mtu wa namna hiyo ni kujimalizia mate bure. Alirudi jikoni na, huku akisikia shoka likilia kijitoni, akasonga bukari, ugali wa muhogo, akapasha sombe ya majani ya muhogo, akapika samaki aliyetolewa majini alfajiri ileile, ambaye hakuhitaji kuni za kumkausha wala lori la kumbeba. Akajitwika beseni. Mama mkwe hamfuati mkwe wake porini, tena hamsemeshi ana kwa ana. Alilijua hilo, na lilimchosha vilevile.

Aliwakuta wanapumzika. Shina lilikuwa limekatwa hadi nusu. Kama mti ungepona, hakuna aliyejua. Alitua beseni mbele ya Given na kufunua.

"Hii ni muhogo yetu. Hii ni sombe. Hii ni samaki ya ziwa. Hii njo moto yetu. Kula."

Given aliinamisha macho, akapiga makofi taratibu kwa heshima, akanawa. Kisha alikula kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Alipomaliza samaki alisema, bado anatazama chini:

"Mama, kwetu tunakulaka ile tu. Bunga ya lori inaniumizaka tumbo tangu siku ya kwanza. Nilizani nyinyi njo munapenda, nikanyamaza."

"Na miye nilizani ni weye," Sampa alimwambia mkwewe.

Fidélie alitaka kucheka, lakini hasira ilitangulia. Visiki sita, katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa akitamani muhogo. Akamnyang'anya mumewe shoka, akamsukumia beseni.

"Kula," alisema. "Weye pia, minakuonyesha."